Chokaa Ilikuwa kwa Bibi

Siku ya kwanza kuingia pale sikuangalia menyu, niliangalia ukuta. Ukuta mzima, kuanzia mlangoni hadi kwenye friji ya soda, umechorwa mkonge: safu kwa safu, majani yamechongoka kama mikuki, nyuma yake milima, na mzee mmoja mwenye kofia pana ameshika panga. Mimi ni mtoto wa Muheza. Magoli yetu ya mpira yalikuwa boriti za mkonge. Nikasimama na koti mkononi, saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku na macho yamewiva, nikajisemea kwa Kiswahili, tena kwa sauti: "Hawa wamefikaje kwetu?"

Binti wa kaunta akaniuliza kama najisikia vizuri.

Hapo ni Healdsburg, California, mji wa watu kama 11,000, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kaskazini ya San Francisco. Mabonde matatu ya mizabibu yanakutana mlangoni pa mji: Dry Creek, Alexander na Russian River. Mtanzania ukimtajia zabibu anaikumbuka Dodoma, na kwa Dodoma tuna haki ya kuringa, maana kule zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini Healdsburg zabibu si zao la biashara, ni dini. Kuzunguka uwanja wa katikati ya mji kuna vyumba vya kuonjea mvinyo, mlango kwa mlango, na kuonja tu, mafunda manne matano, unaweza kutozwa dola 40. Wanakuonyesha na ramani ya udongo. Mteremko huu una kokoto, ule una majivu ya volkano, huu mwingine unapata ukungu wa bahari kila asubuhi. Mimi situmii kileo, kwa hiyo yote haya nayasikia kwa wazee ninaowahudumia. Kazi yangu ni kutunza wazee, usiku, na wazee wa huku hata wakisahau majina ya watoto wao hawasahau mwaka gani mvinyo wa Zinfandel ulikuwa mzuri.

Mgahawa wenyewe sitautaja jina. Hauko kwenye uwanja wa watalii, uko jirani na fundi wa matairi. Viti vya plastiki, na juu ya meza kile kitambaa cha nailoni cha maua kilichokuwa kwenye kila nyumba ya Tanga miaka ya tisini. Unaagiza kaunta, unapewa namba, unasubiri. Wanapika chakula cha Oaxaca. Jina hilo linasomwa "Wahaka", nami nimelitamka vibaya mwaka mzima bila mtu kunisahihisha, kwa heshima nadhani. Ni jimbo la kusini mwa Meksiko, milima kwa wingi, lenye wilaya ndogondogo 570 na makabila ya asili 16 yanayotambuliwa rasmi. Kile kinachoitwa chakula cha Meksiko katika miji ya Marekani, jibini ya njano imemwagwa juu ya kila kitu, hapo hakipo. Siku ile ya kwanza niliagiza burito. Binti akanitazama kwa huruma.

Mwenye mgahawa ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, nywele kasuka mikia miwili. Wateja wanamwita Doña. Mimi nilimwita mama, kwa mazoea, kumbe kwa Kihispania nako mama ni mama, na tangu hapo ananiita mijo, yaani mwanangu. Kiingereza chake na Kihispania changu vyote ni vya kuokoteza. Tunakutana katikati.

Jambo la kwanza kututenganisha lilikuwa nguruwe. Nililetewa tlayuda, chapati ya mahindi pana kuliko sahani, sentimita 30 na zaidi, imekaushwa motoni mpaka inavunjika kama papadi. Inapakwa kitu kinaitwa asiento, kisha maharage meusi yaliyopondwa, kabichi, na jibini ya nyuzinyuzi, quesillo, inayoviringwa kama donge la uzi. Nilikuwa nimefika nusu ndipo nikauliza asiento ni nini. Ni masalia ya chini ya sufuria ya mafuta ya nguruwe. Nikaweka mikono mezani. Yule mama akaja, akaiangalia sahani, akaiangalia baraghashia niliyokuwa nimeiweka pembeni kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, akaelewa kabla sijamaliza sentensi. Hakuomba radhi kwa maneno mengi, na kosa halikuwa lake. Nilipokuja tena alikuwa na kikaango kidogo, kimefungwa utepe wa bluu mpinini, na chupa ya mafuta ya alizeti. "Hiki chako," akasema. Mwaka wa tano huu kikaango kile hakijaguswa na kitu kingine, na mpishi mpya akiajiriwa anaelezwa habari ya utepe wa bluu kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Kuku na ng'ombe sikuwa na uhakika wa uchinjaji wao, kwa hiyo nikabaki na samaki, mboga, jibini, na, usishangae, panzi. Wanaitwa chapulines. Wanakaangwa na kitunguu saumu, ndimu na chumvi mpaka wanakuwa wekundu kama kamba wadogo. Nilimtumia picha jamaa yangu wa Bukoba, akanijibu kwa ujumbe mmoja: "Hao senene mbona wamekonda?" Mimi wa Tanga mdudu sikuwahi kumla maishani, ila nikakumbuka somo la madrasa: vilivyokufa viwili ni halali, samaki na nzige. Kwenye menyu nzima ile ndiyo nyama pekee ya nchi kavu isiyohitaji kuulizwa kachinja nani. Nikaagiza. Watamu, ingawa miguu inakwama kwenye meno. Nateremshia kwa juisi wanayoiita agua de jamaica, ambayo ni rozela yetu ile ile, choya, ua jekundu lenye asili ya Afrika. Wanywaji wa meza za jirani huniuliza mvinyo gani unaendana na chakula hiki. Nawajibu rozela.

Sasa mahindi.

Nimekula mahindi tangu niachishwe ziwa. Ugali, uji, makande, ya kuchoma, bisi. Kwa hiyo nilipoona tortilla, chapati zao za mahindi, zinavyotengenezwa pale, donge linabanwa, linarushwa juu ya bamba la moto, linafura, nikaona kazi hii naiweza. Nyumbani nilikuwa na mfuko wa sembe nilioununua duka la Waafrika upande wa Oakland. Jumapili moja nikakanda kwa maji ya moto, nikabana kati ya sahani mbili. Chapati ikapasuka kama tope la kiangazi. Nikaongeza maji, ukawa ugali. Nikaongeza unga, ukawa mchanga. Nilipofika robo ya mfuko mke wangu akasimama mlangoni akaniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi.

Kesho yake nikampelekea yule mama kipande, nimekifunga kwenye karatasi ya fedha. Akakivunja kwa vidole, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Sin cal," akasema. Hakina chokaa. Akanitazama kama ambavyo mimi ningemtazama mtu aliyepika pilau bila uzile.

Alhamisi yake akaniambia nije jioni kabla ya zamu. Kulikuwa na sufuria kubwa, kilo kumi za mahindi makavu, maji ya kufunika na kuzidi, na chokaa gramu mia, iliyozimwa, laini kama poda, ya kuliwa. Alivyoitia tu, maji yakageuka manjano, na jiko zima likanuka ukuta uliopigwa chokaa jana halafu mvua ikanyesha. Yakachemka taratibu kama dakika arobaini. Akatoa punje moja, akaisugua kwa kidole gumba, ngozi ikavuka kama ya nyoka. Akazima moto, akafunika, akaniambia niende kazini.

Saa moja asubuhi nilimkuta anaosha. Ngozi zinaelea, zinamwagika na yale maji ya manjano, punje zinabaki nono, ukiing'ata moja inakatika bila kung'ang'ania meno. Zikapitishwa kwenye mashine yenye mawe mawili ya volkano, kikatoka kinyunya kinachoshikana kama udongo wa mfinyanzi. Mahindi yale yale! Nikabana cha kwanza, nikakiweka kwenye bamba. Kikajaa upepo katikati kama shavu la mtoto anayepuliza puto.

Kazi ile ya kuvua ngozi mimi naijua, nimeikalia kitako nikiitazama utotoni. Bibi mzaa mama alikuwa akinyunyiza maji kidogo kwenye mahindi, anatwanga, anapepeta, pumba kwa kuku, anarudisha kinuni, anatwanga tena. Saa nzima ya mabega na kiuno. Hapa chokaa inafanya kazi hiyo usiku, watu wamelala.

Nikiwa garini nikapiga simu Muheza. Kule ilikuwa jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kwenu Pangani mlikuwa mnatia chokaa kwenye mahindi?"

Kimya. "Chokaa ya ukuta?"

"Hapana, ya kula."

"Chokaa ya kula ni ya tambuu. Ile ya bibi yako, kwenye kijaluba. Mahindi yanahusu nini?"

Nilikaa na simu sikioni muda mrefu mpaka mama akadhani mtandao umekatika. Kijaluba kile nakikumbuka: cha bati, mfuniko umepinda, ndani chokaa nyeupe yenye alama ya kidole chake cha shahada. Anapaka kwenye jani la tambuu, anaweka popoo, anakunja, anatia shavuni, midomo inakuwa myekundu mchana kutwa. Chokaa ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuruni na kuzimwa kwa maji. Ni kitu kile kile cha yule mama wa Healdsburg. Bibi alikuwa akikaa mkekani nyuma ya nyumba, kijaluba magotini, na kinu kimesimama pale pale, kivulini. Kutoka kwenye kijaluba hadi kwenye kinu hapakuwa na hatua tano.

Nimelifikiria sana hili nikiendesha gari usiku. Uraibu ulitufikia na pepo za Bahari ya Hindi, na ulifika kamili: jani, popoo, chokaa, namna ya kukunja, mpaka chombo cha kutemea, kwa sababu ulikuja na watu waliokuwa wakiutumia. Mahindi yalikuja na meli za Wareno, yakaja punje tupu. Hapakuwa na bibi wa Oaxaca kwenye meli zile wa kushuka Mombasa na kusema jamani ngojeni, haya hayapikwi hivyo. Hata jina tulikosea, tukayaita ya Wahindi.

Na si suala la chapati kupasuka tu. Ndani ya punje ya mahindi kuna vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo la mtu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Watu wanaoishi kwa mahindi matupu yasiyopitishwa kwenye chokaa hupatwa na pelagra: ngozi inababuka kila inapopigwa na jua, tumbo linaharisha, mwisho akili inavurugika. Iliwamaliza maskini wa kaskazini mwa Italia, ikaja kuwamaliza wa kusini mwa Marekani. Na kwa majirani zetu pia. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wanaoishi kwa mgawo wa mahindi, waliugua zaidi ya watu 18,000 baada ya karanga kukatika kwenye mgawo. Karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo. Sisi tulioula ugali kwa maharage na dagaa tulikuwa tunajitibu kila mchana bila kujua kuna ugonjwa.

Nilipomsimulia yule mama haya ya pelagra alishangaa kidogo, kisha akasema mtu anayekula mahindi bila chokaa ni kama kuku. Nilimsimulia pia habari ya pango la Guilá Naquitz, huko kwao Oaxaca, ambako magunzi ya mahindi yaliyookotwa yamepimwa umri wa zaidi ya miaka 6,000. Hiyo haikumshangaza hata chembe. Akasema mapango ya upande ule anayajua, mbuzi wa shangazi yake walikuwa wakijikinga mvua humo.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba utaratibu wa mgahawa unabadilika. Ni msimu wa mavuno, na zabibu nyingi za huku zinavunwa usiku, kwa taa za kichwani na za trekta, ili zifike kiwandani zikiwa za baridi na sukari yake haijasumbuliwa. Nikiwa dirishani kwa mzee wangu saa nane za usiku naiona mianga inatembea mlimani kama mji uliohamahama. Dirisha la pembeni la mgahawa linafunguliwa saa saba usiku kwa wanaokwenda, wanapewa tamales, madonge ya kinyunya cha mahindi, zilizofungwa kwenye majani ya migomba na kahawa yenye mdalasini. Mnamo saa mbili, saa tatu asubuhi wanaanza kurudi, na hapo ndipo tunapokutana. Mikono imeganda sukari mpaka kwenye viwiko. Nyigu wanawafuata mpaka mlangoni. Kisu kidogo kilichopinda kinaning'inia kiunoni. Wengi wanalipwa kwa tani, na fedha inagawanywa kwa kikosi kizima, kwa hiyo kule shambani hakuna anayetembea, wanakimbia na matreya.

Nilidhani wote lugha yao ni Kihispania. Asubuhi moja nikasikia meza ya nyuma yangu maneno yanapanda na kushuka, nikageuka upesi maana nilidhani nimesikia Kiha. Ilikuwa lugha ya Watriqui, moja ya yale makabila ya asili ya Oaxaca. Wapo pia Wamixteco na Wazapoteco, na baadhi yao Kihispania wamejifunza wakubwa, mashambani, kama babu yangu mzaa baba alivyojifunza Kiswahili kambini.

Babu alitoka Kasulu. Alikuja Tanga kukata mkonge, akawa mmoja wa wale walioitwa manamba, kwa sababu uliandikishwa ukapewa namba. Walitoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji, wakashushwa stesheni na kupangwa kambini. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama wao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako nako ilikuwa imepelekwa kutoka Yucatán, Meksiko, na iliyofika kwetu hai ilikuwa 62. Abiria wa basi moja la Lushoto. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 na kuongoza dunia nzima. Majani 30 ni mzigo mmoja: unakata, unafunga, unapanga, mnyapara anapita na kuhesabu. Siku ikikubalika inawekwa alama kwenye kadi iliyoitwa kipande, na kipande hakijai mpaka zitimie alama 30. Marekani nao walikuwa na mpango wao, uliitwa bracero, kuanzia 1942 hadi 1964: Wameksiko wanaletwa kwa mkataba, msimu ukiisha wanarudishwa.

Kipande kimoja cha babu kimesalia, baba alikitunza ndani ya juzuu, na mimi nina picha yake kwenye simu. Nilimwonyesha kijana mmoja wa meza ile ya nyuma, wa miaka ishirini na mbili hivi. Akafuta mkono kwenye suruali, akaipokea simu, akaikuza ile picha kwa vidole, akahesabu alama kimya kimya. Kisha akaniuliza kwa Kihispania cha taratibu, ili nimwelewe: kwa mzigo mmoja alilipwa ngapi?

Sikujua. Akanirudishia simu. Naona alishangaa mjukuu kutojua jambo kama hilo.

Wa ukutani, nilikuja kuelezwa, si mkonge wetu hasa, ni binamu yake, espadín, ambao unatengenezewa mezcal, kileo cha kwao. Lakini tabia ni moja. Unakua miaka, unatoa mlingoti mmoja, unachanua mara moja, unakufa. Sisi tulichukua majani kwa ajili ya kamba na magunia, kitovu tukakiacha kioze shambani. Wao wanawahi kabla ya mlingoti, wanakata majani wanayatupa, wanachukua kitovu, wanakifukia na mawe ya moto shimoni siku kadhaa mpaka kinakuwa kama muwa uliochomwa. Mezcal siinywi, ila hicho kitovu kilichochomwa alinitafunisha kipande siku moja. Kitamu, cha moshi, na nyuzi zake zikabaki mdomoni. Hizo nyuzi nilizijua.

Moshi ni neno zito Healdsburg. Oktoba 2019 moto wa Kincade uliuhamisha mji mzima, na mwaka uliofuata milima ikawaka tena wakati zabibu ziko mitini. Mashamba mengine yaliomba vibali vya kuwaingiza wavunaji maeneo ambayo wakazi wake walishaamriwa kuondoka. Moshi hupenya ngozi ya zabibu na kushikamana na sukari, hauonekani, hausikiki, mpaka mvinyo uive ndipo unatokeza na kunuka majivu. Watu wanamwaga mapipa kwa sababu hiyo.

Na huku jirani na fundi wa matairi kuna mtu anaunguza kwa makusudi. Siku ya mole nyeusi, mchuzi wao mzito wa pilipili, anafungua milango yote miwili na kutoa watoto nje. Anazikaanga pilipili kavu, chilhuacle nyeusi zinazotoka kwao na ambazo bei yake hataki kuisema, kisha mbegu zake anaziacha motoni mpaka zinakuwa mkaa. Mkaa kabisa. Koo linawasha mpaka kwa fundi wa matairi, naye keshazoea, anazima redio na kwenda kuvuta hewa ng'ambo ya barabara. Zile mbegu zinalowekwa, maji yanabadilishwa mpaka uchungu unaondoka na weusi unabaki. Halafu ufuta, lozi, zabibu kavu, ndizi, nyanya, tortilla iliyounguzwa nayo, chokoleti, na karafuu, mdalasini na pilipili manga, ambazo zilivuka bahari kumfuata yeye kama pilipili zake zilivyovuka kutufuata sisi. Vitu ishirini na zaidi. Vitabu vya watalii vinasema Oaxaca ina mole saba. Ukimwambia hivyo anakuuliza saba za nyumba gani.

Msimu uliopita aliingia bwana mmoja wa chumba cha kuonjea mvinyo, mstaarabu, akala ile mole nyeusi kwa jibini, akafumba macho na kuanza: moshi, plamu kavu, ngozi ya tandiko, udongo baada ya mvua. Alikuwa anasifu kwa dhati, namshuhudia. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho huku anafuta kaunta.

"Ni mbegu za pilipili," akamwambia. "Nimeziunguza."

Ramadhani iliyopita nikaamua nami nilipe deni. Nikamwomba kilo mbili za mahindi yaliyokwisha kuoshwa, kabla ya mashine, nikaenda kupika makande ya kwetu: maharage mekundu, kitunguu, karoti kidogo, tui la kwanza mwishoni, chumvi. Bibi angehitaji asubuhi nzima kufikisha mahindi kwenye hali ile. Yaliiva kwa saa moja. Yakawa laini lakini hayakuvurugika, na harufu ya chokaa ilikuwa mbali sana, kama jirani anapaka nyumba. Mke wangu alikula, akanyamaza, akaongeza.

Nikabeba bakuli mpaka mgahawani baada ya futari. Yule mama akakaa kwenye kiti cha plastiki, jambo asilolifanya mbele ya wateja, akachota kijiko. Akachota kingine. Akaita binti wa kaunta naye aonje. Wakasemezana kwa Kizapoteco, nikaambulia kuona kichwa kikitikiswa, sikujua kwa kukubali au kukataa. Akanyanyuka, akarudi na pilipili kavu moja iliyochomwa, akaivunja juu ya bakuli langu bila kuniomba ruhusa, akakoroga, akala tena.

"Haya maziwa," akasema akinyoosha kijiko, "si ya ng'ombe."

"Ni nazi."

"Unaipata wapi?"

Nikachukua kijitabu cha oda pale kaunta, nikamchorea njia ya kutoka barabara kuu mpaka duka la Wathai kule Santa Rosa, friji ya mwisho, mkono wa kushoto. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: ILIYOGANDISHWA, SI YA KOPO.